Mausi ya Buku Tano

Kabla ya kununua simu, mwanachuo anauliza watu kumi. Anauliza kamera, anauliza chaji inakaa saa ngapi, anaingia maduka matatu kisha anarudi la kwanza. Kiatu cha kwendea BTP anakivaa, anatembea nacho mle dukani, anakikunja soli aone kama kitapasuka. Lakini mausi ya kompyuta, kitu ambacho atakishika kwa saa nyingi kuliko anavyoshika kijiko, anainunua huku anatembea. "Shingapi?" "Buku tano." "Nipe ile nyekundu." Imeisha hiyo.

Baada ya miezi minne yuko tena kwenye kaunta ileile, safari hii anachukua ya bluu.

Mimi nasema tuache. Mausi ya buku tano ndiyo ghali kuliko zote zinazouzwa hapa Chikongola, na anayeilipia si mfuko peke yake, ni mkono pia. Kwa sisi tunaosomea ualimu jambo hili ni zito kuliko tunavyolichukulia.

Kwanza jina, maana najua kuna watu wa Kiswahili wanaosoma jarida hili wakiwa na kalamu nyekundu. Neno la vitabuni ni kipanya, na wengine wameandika puku. Tatizo ni kwamba ukisema kipanya Dar es Salaam, mtu mzima anakumbuka zile Hiace za daladala, na mwingine anamkumbuka Masoud Kipanya wa katuni. Buku naye ni panya, yule mkubwa anayefundishwa kule SUA Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, na kwetu vijana buku ni elfu moja. Kwa hiyo ukiniambia "panya wa buku tano" naweza kufikiria mambo mengi. Nitaandika mausi kama tunavyosema, na kipanya pale sentensi itakapotaka heshima kidogo.

Tuje kwenye hesabu. Kwa nilivyoona hosteli, mausi ya buku tano au buku saba ikitumiwa na mtu mwenye utafiti wa mwaka wa tatu inakaa miezi mitatu, minne, ikijitahidi sana mitano. Tuseme unanunua tatu kwa mwaka, kila moja elfu sita. Shahada yetu ni ya miaka mitatu. Hizo ni mausi tisa, shilingi 54,000, na siku ya mahafali huna mausi. Ya waya kutoka kampuni inayojulikana nimeipata kwa elfu ishirini na mbili, na ninaijua moja ya namna hiyo iliyoanza na mwenyewe mwaka wa kwanza na hadi leo inabofya. Ukiwa na bumu la shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni posho ya siku mbili na kitu. Na hapo sijaweka nauli za bodaboda, wala ule usiku mausi inapokata roho saa tano na asainmenti inafungwa saa sita.

Nimewasikia watu wakisema vitu vya siku hizi havidumu, basi, ndivyo vilivyo. Si kweli, au ni kweli nusu. Mausi inakufa kwa sababu zinazoeleweka, na ukizielewa unajua cha kutazama dukani.

Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo, haizidi sana punje ya hindi. Ndani yake kuna kipande chembamba cha aina ya shaba kinachojipinda na kurudi kila unapobofya. Ule mlio wa "tik" ndio huo. Watengenezaji wanaipima swichi kwa idadi ya mibofyo: nzuri inaandikiwa milioni 10, milioni 20, hata zaidi. Zile za bei ya chini ama zinaandikiwa milioni moja hivi ama haziandikiwi chochote. Fanya hesabu ya darasa la saba. Mtu anayebofya mara 3,000 kwa siku anaimaliza milioni moja katika siku 333. Milioni kumi inampeleka miaka tisa. Tofauti ya bei ya swichi yenyewe ni ndogo sana, lakini anayetengeneza mausi ya buku tano anabana hata hapo, kwa sababu anajua wewe unaangalia rangi.

Dalili ya swichi iliyochoka mnaijua wote. Unabofya mara moja, kompyuta inasikia mara mbili. Unataka kuchagua faili, linafunguka. Unavuta aya nzima uipeleke ukurasa wa pili, inakuponyoka katikati. Hapo mtu anaanza kusema laptopu ina virusi, anapeleka kwa jamaa apige windo upya, anatozwa elfu kumi na tano. Hakuna virusi. Ni kale kashaba kamechoka kurudi, au kameshika kutu inayozuia umeme usipite vizuri.

Na kutu sisi tunaijua. Huku ni pwani. Hewa ina chumvi na unyevunyevu, na vyote viwili ni adui wa chuma. Angalia mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari, au baiskeli iliyoachwa nje msimu mmoja wa mvua. Kinachokula bati kinakula pia vyuma vyembamba vilivyo ndani ya mausi, tena hivyo havina rangi ya kuvikinga. Ndiyo maana nawaambia wenzangu kwamba mausi ikilala wazi dirishani usiku kucha, mwenyewe anaifupishia maisha. Iweke begini au kwenye droo. Na kama ni ya betri, ukienda likizo toa betri. Zile betri za jero zikiisha zinavuja maji yanayokula sehemu ya kugusia, ukirudi unakuta unga mweupe na mausi kimya.

Waya nao una mahali pake pa kufia, pale unapoingia kwenye mwili wa mausi. Mausi nzuri ina kola ya mpira hapo, waya ukipinda haukunjiki kwa ghafla. Ya ovyo ina tundu tu. Wengi wanauzungushia waya kwenye mausi kwa kuukaza kama uzi wa tiara, kisha wanatupa begini chini ya vitabu. Ndani ya wiki kadhaa nyuzi za ndani zimekatika, taa inawaka na kuzima ukiushikashika. Ukunje kwa mizunguko mikubwa, ulegee, basi. Hilo halina gharama.

Lakini hela si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni mkono.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambayo sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na juu imefunikwa na utando mgumu. Humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo ikibanwa, vidole hivyo vinakufa ganzi, hasa usiku, mtu anaamka anakung'uta mkono kama ameshika moto. Kidole kidogo kinasalimika kwa sababu kina mshipa wake mwingine. Sisemi kila anayeumwa mkono ana ugonjwa huo. Wataalamu wenyewe wanabishana mausi inachangia kwa kiasi gani, maana ujauzito, kisukari na kuvunjika mfupa navyo vinauleta. Ila uchovu na maumivu ya misuli ya mkono, bega na shingo kwa mtu anayekumbatia mausi isiyomfaa saa sita mfululizo, hayo hayahitaji profesa. Yapo hosteli. Ukipita vyumbani wiki ya kukusanya tafiti utaona watu wanapakana dawa ya kuchua.

Sasa fikiria kazi tunayokwenda kuifanya. Mwalimu anaandika ubaoni asubuhi hadi mchana, mkono uko juu ya bega. Jioni anasahihisha madaftari. Usiku anaingiza alama kwenye kompyuta. Mkono ni uleule mmoja. Shule ya msingi kuna mfumo wa PReM wa NECTA, sekondari kuna mikeka ya matokeo kwenye Excel, na kila mtihani wa ndani lazima utaipiwe. Chukua kidato kimoja chenye mikondo minne ya wanafunzi hamsini, masomo tisa. Ni alama 1,800 za mtihani mmoja. Na waliokwenda BTP wanajua nani anakabidhiwa kazi hiyo. Mwalimu wa taaluma anakuangalia, anatabasamu, anasema, "Wewe mwalimu kijana si unajua kompyuta?" Unapewa mkeka, unapewa laptopu ya ofisi, na mausi ambayo kitufe chake kimefungwa kwa plasta ya kidonda.

Tutafanya kazi hii hadi miaka sitini. Mkono wa miaka 22 unasamehe mambo mengi ambayo wa miaka 45 hautasamehe.

Kuna watakaosema laptopu ina tachipadi, mausi ya nini. Kama unaandika insha tu, sawa, tachipadi inatosha. Mtu akianza kuvuta seli mia mbili za Excel, au kupanga michoro ya kifaa cha kufundishia, tachipadi inamtaka akunje kifundo na kubonyeza huku anaburuza kwa kidole kingine. Jaribu saa mbili halafu uniambie.

Basi mausi inayokaa mkononi ikoje? Hapa ndipo watu wanapodanganywa na maneno ya kwenye boksi. DPI elfu tatu, taa saba za rangi, "gaming". DPI ni namba inayosema mshale utakimbia kiasi gani mausi ikisogea kidogo. Kwa kazi zetu 1,000 inatosha kabisa, nyingine ni mbwembwe. Cha kuangalia ni ukubwa na umbo. Ziko mausi ndogondogo za safari, nzuri kwa macho, zinaingia hata mfuko wa shati. Mtu mwenye kiganja kikubwa akiishika hiyo, vidole vinajikunja kama kucha za kunguru, na misuli haipumziki hata asipobofya. Weka kiganja juu yake kama unavyokiweka juu ya goti lako ukiwa umekaa. Kama kidole cha pete na kidogo vinaburuzwa mezani, ni ndogo kwako. Kama unalazimika kunyanyua kifundo ili ufikie vitufe, mgongo wake ni mrefu mno. Mkono unatakiwa ulale ulivyonyooka, usipinde kwenda juu wala kwenda upande wa kidole kidogo, na kiwiko kikae karibu na mwili.

Haya si mambo ya Ulaya. Wachongaji wa Kimakonde wanayajua kabla kompyuta haijazaliwa. Niliwahi kumwona mzee mmoja akichonga mpingo kando ya barabara ya Mikindani, nikamuuliza, "Shikamoo babu, hii tezo unanunua wapi?" Akasema chuma anapata kwa mhunzi, mpini anauchonga mwenyewe. "Mpini wa mtu mwingine unachubua, mjukuu wangu." Akanipa niushike. Ulikuwa umeliwa na kiganja chake, una mabonde mahali pa vidole, na kwangu mimi ulikaa vibaya kweli.

Na kipanya chenyewe kilianza hivyohivyo. Mwaka 1964 Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI huko California, walitengeneza cha kwanza. Kilikuwa kibao cha mti kilichochongwa, magurudumu mawili chini, kitufe kimoja juu, na waya ukining'inia nyuma kama mkia, ndiyo asili ya jina. Hati ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1970, na Engelbart hakupata mrabaha. Huyo bwana alikuwa anatafuta namna ya watu kufikiri pamoja kwa kutumia kompyuta, na akaona aanzie kwenye kitu kinachoshikika. Sisi tuliokuja baadaye tumekipokea kikiwa cha plastiki, cha saizi moja kwa viganja vyote, tukaacha kuuliza.

Saizi moja, na mkono mmoja. Mtu mmoja kati ya kumi hivi anatumia mkono wa kushoto. Mimi ni mmoja wao. Mausi nyingi zinazoitwa za starehe zimejipinda upande wa kulia, zina mahali pa gumba la kulia, na kwangu ni sawa na kuvaa ndara kinyume. Kwetu sisi mausi inayofaa ni ile ya umbo sawa pande zote mbili, kisha unaingia kwenye mipangilio ya kompyuta unabadilisha vitufe, cha kulia kiwe cha kushoto. Ni kazi ya dakika moja. Nalisema hili kwa walimu wenzangu hasa. Ukienda kufundisha TEHAMA na ukamkuta mtoto anahangaika, mshale unamkimbia, usiseme ni mzito wa kuelewa. Angalia kwanza anaandikia mkono gani. Watoto wa kushoto wameshapigwa vya kutosha kwenye daftari, tusiwafuate hadi kwenye kipanya.

Kuna kifaa kingine ambacho hapa kwetu watu wengi hawajakishika, nacho ni trakboli. Ifikirie mausi iliyolala chali. Mwili wake hausogei mezani kabisa, juu una mpira mdogo, unauviringisha kwa gumba au kwa vidole na mshale unakwenda. Ni ya zamani kuliko mausi. Jeshi la majini la Kanada walikuwa na ya kwao mwaka 1952 kwenye mradi wa DATAR, na mpira wake ulikuwa tufe la mchezo wa kuangusha pini. Leo watu wanaitafuta kwa sababu ya mikono yao. Bega halitembei, kifundo hakizunguki, kazi inafanywa na vidole.

Nimeitumia ya kuazima kwa wiki tatu, na nitasema nilivyoiona. Siku mbili za kwanza ni aibu tupu, mshale unapita mbele ya unachokitaka na kurudi nyuma yake. Siku ya tano umezoea. Faida yake kwa maisha ya hosteli ni kwamba haitaki nafasi. Nusu yetu tunafanyia kazi kitandani, juu ya sanduku, au kwenye meza yenye jiko la gesi na sufuria. Mausi inataka uwanja, trakboli inataka mahali pa kukaa tu. Na haijali kama chini ni kioo, kitambaa au godoro. Kudumu pia inadumu, kwa sababu haiburuzwi. Shida yake ni uchafu. Mpira umekaa juu ya vishikizo vitatu vidogo, jasho na vumbi vinajikusanya hapo, mpira unaanza kukwama. Nyingi zina tundu kwa chini, unasukuma kwa kalamu mpira unatoka, unafuta vile vishikizo kwa kitambaa, unarudisha. Kila baada ya wiki mbili kwa joto letu hili. Shida nyingine ni bei, na ya kuandikiwa kushoto ni adimu, ingawa zile ambazo mpira uko katikati zinatumika kwa mkono wowote. Madukani hapa sikuiona hata moja, zinaagizwa Dar es Salaam, na za maana zinaanzia kwenye laki na zaidi. Kwa hiyo siwaambii kila mtu akanunue. Nawaambia ipo, na kwa mtu ambaye mkono umeshaanza kuuma, au mwenye ulemavu unaomzuia kusogeza mkono wote, inaweza kuwa tofauti ya kumaliza utafiti na kutomaliza.

Kwa wengi wetu jibu ni la kawaida kabisa: mausi ya waya, ya umbo sawa, ya kujaza kiganja, ya kampuni ambayo jina lake lipo. Ya waya, kwa sababu haina betri ya kununua wala kile kichomeo kidogo cha USB ambacho kikipotea mausi nzima ni takataka. Ya bila waya nzuri zipo, sikatai, ila kwa hela ileile ya waya inakupa mwili bora.

Na usinunue bila kuijaribu. Nenda na laptopu yako. Muuzaji atakwambia, "Dada, hii orijino hii." Mwambie sawa, naomba nichomeke. Bofya kushoto mara ishirini taratibu juu ya folda moja, ikifunguka hata mara moja kabla hujaiomba, irudishe. Zungusha gurudumu kwenda chini ukiwa kwenye ukurasa mrefu, lisiruke kurudi juu. Vuta faili kutoka pembe hadi pembe ya kioo bila kuachia. Tikisa mausi karibu na sikio, kisisikike kitu kinachocheza ndani. Pindua uangalie miguu, vile vipande vyeupe au vyeusi vinavyoteleza, viwe vinene na vimegandishwa sawasawa. Halafu soma maandishi ya boksi. Bidhaa bandia nyingi zinajisaliti kwa herufi. Omba risiti ya EFD. Ukirudi baada ya wiki, risiti ndiyo itakayokuongelea.

Kuna muuzaji mmoja, duka lake silitaji, alinikatalia kuchomeka. Eti nitaiharibu. Niliondoka. Mausi inayoharibika kwa kuchomekwa ndani ya duka itafanya nini chumbani kwangu?

Kabla ya kununua mpya, hata hivyo, jaribu kufufua uliyo nayo kama mwili wake ni mzuri. Mafundi simu wa hapa ni wataalamu kuliko tunavyowatumia. Fundi niliyempelekea alicheka, "Mwalimu, hadi kipanya unatengeneza?" Alifungua skrubu moja iliyojificha chini ya karatasi ya nembo, akaitoa swichi ya kushoto kwa kuyeyusha risasi, akaichomelea swichi aliyoing'oa kwenye mausi nyingine iliyokatika waya. Dakika kumi na tano, elfu tatu. Kama huna hata elfu tatu, angalia swichi ya katikati, ile ya chini ya gurudumu. Kwenye baadhi ya mausi ni ya umbo lilelile na haijabofywa sana, fundi anaweza kuzibadilishana. Kwa hiyo mausi iliyokufa isitupwe dampo. Ni ghala la spea.

Nimeacha maabara ya kompyuta mwisho kwa sababu ndiyo inayouma. Kompyuta zinawaka, mausi hazipo, au zipo na hazibofyi. Wanafunzi wanatembea na zao begini, asiye nayo anakwenda kwa kitufe cha Tab na mishale kama anapanda ngazi gizani, na dakika zake za zamu zinaisha. Kila mara nasikia zimeibwa. Inawezekana. Lakini zile za bei ya chini kabisa zinanunuliwa kwa mkupuo, zinakufa kwa mkupuo, na maiti zake ndizo zinazopotea.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi iweke jambo hili kwenye bajeti ya mwaka ujao, na ipeleke pendekezo kwa utawala tuchangie kwa pamoja. Mausi thelathini za waya, za umbo sawa pande zote, zilizochaguliwa na watumiaji na kujaribiwa dukani kabla ya malipo. Kwa bei niliyoipata mimi ni shilingi 660,000, na kwa kununua nyingi itapungua. Waya zifungwe nyuma ya meza kwa vishikizo vya plastiki, zisitoke bila mkasi. Trakboli moja, moja tu, iwekwe kwa msimamizi, iazimwe na mwenye cheti cha daktari au mwenye ulemavu wa mkono. Na fundi aitwe mara moja kila muhula na sanduku la zilizokufa.

Mkutano mkuu ukiitishwa nitaileta hoja hii kwa maandishi, pamoja na bei za maduka matatu. Wanaotumia mkono wa kushoto wanione kabla ya siku hiyo, nataka nijue tuko wangapi.